Nguzo Nane za Athene

Mpendwa Baba Kendi,

Zamani barua zetu zilianza kwa kuulizana afya. Yako sina haja ya kuiuliza tena, na yangu unaijua: goti la kulia bado linalalamika kwenye ngazi, na mdomo bado mzima. Nakuandikia hapa jikoni kwetu Saltley, Birmingham, nimekaa upande wako wa meza, kwa sababu nimerudi kutoka Athene na sina mtu mwingine wa kumweleza.

Ndiyo, Athene. Ile yako.

Unakumbuka mwaka ule ulipotimiza miaka hamsini? Ulirudi kutoka kazini bado umevaa sare ya makao ya wazee, ukaniwekea bahasha mbele yangu. Nyuma yake ulikuwa umechora kilima, na juu ya kilima jumba lenye nguzo. Kabla hatujahamia huku, miaka kumi na mmoja ulisimama mbele ya Kidato cha Pili kule Meru ukichora jumba hilo kwa chaki, ukifundisha habari za mji ambao hukuwahi kuuona.

"Mama Kendi," ukasema, "likizo hii twende tukaone kama nilikuwa nawadanganya watoto wa watu."

Nami nikakujibu bila hata kuinua macho kutoka kwenye sufuria: "Athene kuna nani wetu?"

Hukubishana. Ulicheka kidogo, ukaikunja ile bahasha, na tukaenda nyumbani Meru kwenye harusi ya binamu yangu, kama tulivyokwenda nyumbani kila likizo. Sisi hatukujua safari isiyo na mtu wa kutupokea. Miaka mitatu baadaye moyo wako ukasimama ghafla, na yale maneno yangu yakabaki nami. Kwa hiyo usidhani nilikwenda kutalii. Nilikwenda kukuomba msamaha pale pale nilipokunyima kwenda.

Kendi ndiye aliyepanga yote kwa simu yake. Amekuwa mrefu kunipita, na bado nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Mimi kazi yangu ilikuwa sanduku. Aliniambia tuna ruhusa ya kilo ishirini na tatu, na unanijua: mimi na kilo zisizojazwa hatulali nyumba moja. Nikatoa ile mizani yetu ya kuning'iniza, nikapima, nikaongeza, nikapima tena, mpaka zikatimia.

Tulipofika chumbani hotelini, Kendi akalifungua kutafuta chaja yake. Akakutana na makopo matatu ya biskuti, sweta nne, losheni, soksi za watoto na mashati mawili ya kiume. Akainua shati moja.

"Mum, who is this for?"

Mikono ilisikia habari ya ndege ikapanga yenyewe, zawadi za mashangazi na wajomba, kama miaka yote.

"Mum, we don't know anyone here," akasema, safari hii kwa sauti ya chini, kisha akaja kunikumbatia. Nilicheka mpaka nikalia. Kesho yake nikampa mama anayesafisha vyumba, jina lake Eleni, sweta moja na kopo la biskuti. Kiingereza chake kilikuwa kama Kigiriki changu, yaani hakuna. Aliweka mkono kifuani, akanitazama sana. Asubuhi iliyofuata akaniletea mfuko wa zeituni, nadhani za shambani kwao, na nilizila zote na mkate, Kendi akipiga picha.

Mji wenyewe sijui nikuelezee vipi. Tulitembea kwenye uwanja wa michezo uliojengwa wote kwa marumaru, kuanzia kiti cha chini hadi cha juu kabisa. Tuliona askari wa bunge wenye viatu vya vishada, wanainua mguu polepole mpaka nikahisi uchovu kwa niaba yao. Tulipanda ule mwamba wa kwenye Biblia ambao mtume alisimama juu yake kuwahubiria watu wa pale, unateleza kama sabuni, na nikasimama nimeshika mkono wa mtoto wako, nikisema moyoni kwamba mawe haya nimeyasikia kanisani tangu utotoni na kumbe yapo, yana joto, watu wanayakalia wakila ndizi.

Siku ya tatu tukapanda Akropolisi. Goti lilinitukana kila hatua. Nilipita lango kuu nikiwa nimeinamisha kichwa, natazama nisije nikaanguka, na nilipoinua macho nikalikuta jumba lako mbele yangu.

Baba Kendi, sikuwa tayari. Ile michoro yako haikunitayarisha. Nguzo moja tu ingehitaji watu wanne washikane mikono kuizunguka. Zimesimama pale maelfu ya miaka, rangi ya asali, na nyuma yake anga la buluu ambalo Birmingham hatulipati hata tukiliomba. Mafundi wapo juu ya majukwaa mpaka leo, wanarudisha jiwe moja moja mahali pake. Nilihisi udogo wangu, na ulikuwa udogo mtamu, sikutaka uniishie. Watu walikuwa wananipita pande zote. Nikasema kwa sauti, kwa Kimeru, "Ona." Nilikuwa nakuambia wewe.

Kisha nikazihesabu za mbele. Nikahesabu tena. Nikamwambia Kendi ahesabu.

"Eight," akasema. "Why?"

Nane! Na wewe ulichora sita. Kwenye ubao sita, kwenye bahasha sita. Kuna siku nilikuuliza kama una hakika, ukanijibu kwamba mwalimu haulizwi na mpishi. Miaka kumi na mmoja, mwanamume wewe, umewalisha watoto wa Meru nguzo pungufu!

Nilicheka peke yangu katikati ya watalii, halafu uchungu ukanipata. Nilijua ungefanya nini. Ungepiga makofi. Ulipenda kukosolewa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na mimi ndiye niliyekunyima kosa hili. Nikakaa kwenye jiwe, nikasema, "Nisamehe." Kendi alikaa karibu nami akanimiminia maji.

Nikapiga picha, nikaituma kwa lile kundi la wanafunzi wako wa zamani kwenye simu, ambalo sijaweza kulitoka. Nikaandika: "Mwalimu alikosea. Ni nane."

Wa kwanza kujibu alikuwa Kirimi, yule mwembamba aliyekuwa akikubebea vitabu. Siku hizi naye ni mwalimu. Akatuma ujumbe wa sauti: "Mama, hiyo topic naifundisha mimi sasa. Wiki jana nimechora ubaoni. Nimechora sita, vile Mwalimu alituchorea."

Niliusikiliza mara tatu. Kumbe juma lililopita tu, mimi nikibishana na mizani hapa Saltley, kuna darasa Meru lilikuwa linanakili mkono wako kwenye daftari. Nikamjibu arekebishe, zikae nane, maana hivyo ndivyo ungetaka. Ila nikamwomba awaambie watoto ni nani alichora zile sita.



Jumapili nilikuwa kanisani Kings Heath, nikigawa zile sweta zilizobaki. Mama Mwende, unamjua alivyo, akanishika mkono pale mlangoni.

"Wewe Mama Kendi, nimeambiwa ulienda holiday Athene. Kwani huko kuna nani wenu?"

Swali langu lenyewe, na sauti karibu ile ile. Nilitaka kumweleza habari za Eleni na zeituni, za marumaru na askari. Lakini jibu lilitoka kabla sijalitafuta.

"Kuna Baba Kendi," nikamwambia.

Pumzika, mwalimu. Ni nane. Nimekuhesabia.

Mkeo,
Mama Kendi