Kipande cha Bati Ndani ya Hozi

(Nimeinakili kutoka daftari langu la zamani, kama ilivyo.)

Songea, Jumapili, 15 Machi 1998

Mvua inanyesha tangu alfajiri, ile nyepesi isiyo na haraka. Mikono yangu inanuka petroli ingawa nimeiosha mara mbili kwa sabuni ya unga. Nimekuja kuandika huku barazani kwa sababu Zuhura yuko ndani, na bado sijui nitakaaje na mke wangu chumba kimoja.

Leo nimegundua kwa nini gari langu lilipoteza nguvu.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwani hakuna utaratibu wowote.

Gari hili nililinunua kwa mhandisi wa mradi wa barabara alipomaliza mkataba wake na kurudi kwao. Ni la Kijapani, dogo, la milango miwili, na rangi yake ilikuwa imeshapauka siku nilipolichukua. Lakini magurudumu yake yote manne yanavuta, na injini yake ina tabo, ile pangaboi ndogo inayoisukumia injini hewa kwa nguvu. Ukikanyaga mafuta linatulia kidogo kama mtu anayevuta pumzi, halafu linakubandika mgongo kwenye kiti. Mimi ni mpima ardhi. Nilipopunguzwa serikalini nilianza kujitegemea, na siku hizi za soko huria kila mtu anataka mpaka wake ujulikane. Nimelipeleka gari hilo kwenye mikorosho ya Tunduru, nimelipandisha milima ya Umatengo masika. Watu walicheka walipoliona. Hawakucheka lilipowapita.

Aliyelifanya liweze hayo yote ni Kastori.

Kastori tulilala bweni moja sekondari. Sasa ana gereji nyuma ya soko, na kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa anapita kwangu hapa Ruhuwiko tunalala chini ya gari mpaka jua linapungua. Tuliliinua kwa springi za pikapu. Tulipasua pipa tukatengeneza ngao ya chini ili mawe yasitoboe sampo, lile karai la oili chini ya injini. Giaboksi tumeishusha mara mbili, mara ya pili tukiwa na taa moja ya chemli na bila kitabu chochote. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza mluzi wa tabo na kujua kama inapumua vizuri. Mtoto wetu wa pili alipotaka kuzaliwa mimi nikiwa kazini Mbesa, Kastori ndiye aliyemwendesha Zuhura hospitali kwa gari hilo hilo. Nyumbani kwangu haitwi fundi. Anaitwa shemeji.

Julai mwaka jana nilikwenda tena Mbesa, wiki nzima, nikasafiri kwa lori la wenye mashamba. Niliporudi gari lilikuwa limelegea. Linawaka vizuri, linatembea vizuri, lakini ukilikanyaga halina pumzi. Mluzi umekuwa mdogo kama wa mtu mwenye mafua.

Nilihangaika miezi minane. Nilibadilisha plagi, chujio la hewa na pampu ya mafuta. Nilimwandikia binamu yangu Dar anitafutie tabo nyingine kwenye maduka ya vipuri vya mitumba. Kila Jumapili Kastori alikuja, akainama, akafungua hiki na kufunga kile, akatikisa kichwa.

“Mpima, hili gari limezeeka,” aliniambia siku moja akijifuta mikono. “Kubali tu. Hata sisi hatukimbii kama zamani.”

Nilikubali. Ningebishaje? Mimi najua mipaka ya mashamba, yeye anajua injini.

Januari, Alhamisi moja mchana, dereva wa lori alileta ujumbe kutoka Lusewa, kijijini kwetu, kwamba baba amezidiwa na ananiulizia. Nikampitia Kastori gereji, naye akaacha kazi palepale akapanda. Tulipita Namtumbo salama. Tulipoacha barabara kubwa tukakuta mvua imenyesha siku tatu, na mlima wa kwanza ulikuwa tope tupu. Gari lile lilikuwa likipanda milima ya namna hiyo huku nikizungumza. Siku hiyo lilifika katikati likaishiwa nguvu. Magurudumu manne yote yanashika, injini haina nguvu ya kuyazungusha. Tukarudi nyuma, tukajaribu tena. Tukakata matawi. Tukasukuma. Mara ya tano lilitereza likaingia mtaroni, na hapo ndipo tulipolala.

Lori lilitutoa kesho yake mchana. Nilifika Lusewa baada ya Alasiri nikakuta udongo mbichi. Walikuwa wamemzika baada ya swala ya Ijumaa. Mama aliniambia kwamba kila gari lililopita usiku ule baba aliuliza, “Ndiye?”

Kastori alisimama nyuma yangu pale kaburini, akalia kuliko mimi. Nilimwona rafiki wa kweli.

Sasa ya leo.

Kastori alikuwa Mbinga tangu juzi kwenye kipaimara cha mpwa wake. Nikaona nisikae bure, nikague hozi ile nene inayotoa hewa kwenye tabo kuipeleka kwenye injini, labda ina ufa. Hozi hiyo sijawahi kuifungua mwenyewe. Kila mara Kastori alisema ameshaitazama. Nikalegeza klipu mbili zinazoibana kwa bisibisi. Hata dakika kumi hazikupita.

Ndani yake kulikuwa na kipande cha bati. Kimekatwa mviringo safi, kimekaa sawasawa na mdomo wa hozi, katikati kimetobolewa tundu dogo kiasi cha kupita kidole gumba. Tabo ilikuwa nzima muda wote. Ilikuwa imezibwa mdomo.

Nilikigeuza. Upande wa pili kulikuwa na rangi ya njano na nusu ya mkia wa jogoo mwekundu. Nilikitambua. Ni debe letu la mafuta ya kupikia, lile Zuhura alilokuwa akiwekea unga, ambalo mwaka jana aliniambia limeoza kwa kutu akalitupa.

Nilikaa chini kwenye tope na kipande kile mkononi.

Niliingia jikoni nikakiweka mezani. Zuhura alikitazama, akazima jiko, akakaa.

“Nilimwomba mimi,” akasema. “Usimlaumu shemeji. Hakutaka. Nilimlilia.”

Akanieleza. Mwaka jana mwezi wa tano tulikuwa tunatoka Njombe, watoto wamelala nyuma, nami nikalipita lori la mbao kwenye kona. Basi lilikuwa linakuja. Nilipenya. Niliandika humu humu usiku ule kwamba gari limenipa raha. Zuhura anasema hakulala wiki mbili. Anasema nikienda barabarani alikuwa akipiga hesabu ya saa ya kwenda na ya kurudi, na ikizidi anatandika mkeka sebuleni kwa ajili ya watakaoleta habari. Nilipokwenda Mbesa ndipo akamsihi Kastori alipunguzie gari nguvu.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nilikwambia tukiwa garini. Ulicheka, ukaongeza mwendo.”

Hilo ni kweli. Naliandika ingawa linanichoma.

“Na baba?” nikamuuliza.

Alijifunika uso kwa khanga. Alisema tangu siku ile ya mazishi kila akisujudu hilo ndilo linalokuja. Alimwendea Kastori baada ya arobaini akamwambia akitoe kile kipande, Kastori akakataa, akasema wakikitoa sasa nitaelewa kila kitu. Wakakubaliana kunyamaza. Wawili hao. Walikuwa wakinipakulia chakula, wakiniuliza kama plagi mpya zimesaidia.

Zuhura aliogopa. Nikitulia naweza kumwelewa, si leo, lakini naona mahali ambapo kuelewa huko kunaweza kuanzia. Nimeoa mwanamke anayetaka nizeeke.

Kastori ndiye ninayeshindwa kumfikia. Alikuwa na mimi mlimani. Alikuwa na bisibisi kwenye mfuko wa shati, niliiona, aliitumia kukwangua tope kwenye viatu. Nilipokuwa nimepiga magoti nikitandika matawi chini ya gurudumu, nikimwita baba yangu kwa sauti kama mtoto, yeye alisimama upande wa pili wa boneti akijua kwamba klipu mbili tu zinanitenganisha na Lusewa. Akachagua kusukuma. Usiku tukiwa ndani ya gari alinipa koti lake. Nilishukuru.

Aliiona aibu yake kubwa kuliko uchungu wangu.

Mchana nimeirudisha hozi bila kile kipande nikaliendesha gari mpaka kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba na kurudi. Mluzi umerudi. Lilinirusha kama zamani. Sikufurahi. Nilirudi polepole, nikazima, nikafungua boneti kuangalia klipu, nikaiacha wazi, nikaenda kuoga.

Zuhura amesema kesho tuende Lusewa, amwambie mama yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Nilimwambia mama ni mzee, habari hiyo itamuumiza bure. Akasema, “Si bure. Mama yako ananiita mwanangu.” Tutakwenda. Nitaendesha taratibu, na sijui ni kwa ajili yake au kwa sababu sitamani kufika.

Nilikuwa nimefunga daftari hapo. Nimelifungua tena.

Muda mfupi baada ya Magharibi nimesikia hodi. Ni Kastori, karudi kutoka Mbinga, kapita moja kwa moja kama kawaida yake ya Jumapili. Nilikuwa nimeshaingia sebuleni. Zuhura alinitazama akisubiri niseme karibu, maana neno hilo kwa mgeni wa kiume ni langu. Sikulisema. Akabisha tena.

“Mpima, upo?”

Taa inawaka. Gari lipo uani, boneti bado iko wazi. Naamini aliiona, na hozi ameona imefunguliwa, kwa sababu hodi ya tatu aliitamka kwa sauti ya mtu anayejua hatajibiwa.

Kisha akageuka. Nimesikia hatua zake zikishuka kwenye matope kuelekea barabarani, na tangu tufahamiane ni mara ya kwanza ameondoka kwangu bila mimi kumsindikiza.