Mawe Yangu Yalicheza

Jumanne. Asubuhi mvua ilinyesha kidogo, halafu jua likatoka kali, matope yakanikaukia miguuni. Nimechoka, lakini roho imetulia.

Mwezi jana nilikuwa mtaa wa Satellite, tukipanga kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini, kwa uwanja wa kanisa. Kabro ni rahisi kuipenda. Zote zimetoka kiwandani, sura moja, zinashikana zenyewe. Ukifuata uzi tu, unamaliza.

Sasa tuko Kawangware, kwa kichochoro cha mteremko. Hapo lami inabebwa na maji na kabro inasukumana kuenda chini, kwa hivyo wanaweka mawe ya kuchonga. Yamechongwa kwa mkono, kila moja na kichwa chake. Wiki mbili nzima kazi yangu imekuwa kuwabebea mafundi hayo mawe kwa karai. Leo Fundi Musa, anayetusimamia, alinipa nyundo na kipande cha njia cha hatua tatu. Nikiweza, napanga na mafundi. Nikishindwa, narudi kubeba.

Nikapanga kama kabro. Nilitafuta upande mpana wa kila jiwe, nikauweka juu, nikalaza chini. Palipendeza mpaka nikapiga picha.

Fundi Musa akapanda juu na gumbuti zake. Mawe yakacheza.

"Mama Neema umetandika meza," Atieno, mwenzangu wa kubeba, akasema. "Si ulete chai basi."

Wote wakacheka. Nikacheka pia, machozi yakiwa karibu.

Fundi hakucheka. Alichukua jiwe moja akalisimamisha, upande mrefu ukazama kwa mchanga, kichwa kidogo kikabaki juu. "Hili linasimama, mum. Halilali."

Nikang'oa yote.

Nikiri tu, nilitaka kuenda nyumbani. Nilimfikiria Neema wangu, nimemwacha kwa jirani Kisumu Ndogo tangu alfajiri. Kama nimemwacha, basi nirudi na kazi ya maana. Nikapanga upya, kila jiwe nikilisimamisha.

Saa tisa mkokoteni wa maji ulipita juu ya kipande changu, mitungi imejaa, mwenyewe akipiga kelele, "Songa, mzigo!" Nikabana pumzi. Hakuna jiwe lililotikisika. Kusema kweli hapapendezi kama pale Satellite, ni vichwa vichwa tu. Lakini pameshika.

"Kesho usiguse karai," Fundi Musa akaniambia. "Anza na nyundo, pale juu kwa posho mill."

Pale kwa wasaga unga ndipo mteremko ni mkali zaidi. Naogopa kidogo, na bado natamani kukuche.