Kuku Wenye Damu wa Ruhuwiko

Jumatatu, 12 Agosti 1996
Ruhuwiko, asubuhi. Mhariri anataka habari ya mtu aliyepunguzwa kazi akajiajiri. Nimempata: Kajetani, zamani mtunza ghala wa ushirika, sasa mfuga kuku wa nyama. Banda halijafagiliwa tangu — sijui. Kinyesi cheusi tii, kinanata kwenye soli. Kuku wawili wamekufa, wenzao wamewakalia.

Kajetani hakuwaona, au hakutaka. Alimkamata mmoja mzima, akamvuta ngozi ya jicho kwa kidole gumba. "Tazama, mwandishi. Damu hiyo. Siyo wale wa Dar, weupe kama sabuni." Wanunuzi wa hapa hawamwamini kuku wa kizungu. Wanamkagua jicho kama nesi anavyomkagua mjamzito.

Anawapa nini? "Madini ya chuma." Akahamia bei ya pumba.

Jumatano, 14 Agosti
Odilia, mtoto wa dada yangu, katoka kliniki. Mimba ya miezi saba. Nesi kamfunua jicho: jeupe. Akivuja damu siku ya kujifungua, kasema, hana akiba. Vidonge vya kuongeza damu, vile vyekundu vya madini ya chuma, vimeisha zahanati. Nimezunguka maduka ya dawa mwenyewe — hakuna. Kaambiwa ale nyama.

Ijumaa, 16 Agosti
Nimerudi Ruhuwiko bila taarifa. Kajetani hayupo. Mkewe, Stumai, anatwanga kwenye kinu — vidonge vyekundu. Pembeni kopo kubwa la zahanati, maandishi yamekwanguliwa kwa kisu.

Vinatoka wapi? "Kwa shemeji, si anatibu kule zahanati?" Akacheka. "Wajawazito wenyewe wanavitupa vichakani, eti kichefuchefu, eti choo cheusi. Kuku hawadeki, baba."

Choo cheusi. Nikaangalia viatu vyangu.

Kuku mmoja alikuwa anatapatapa. Stumai akamwahi kwa kisu kabla hajafa, akamtia kwenye beseni la kwenda sokoni.

Bwana mifugo, jioni: chakula cha kuku kina chuma cha kutosha, kikizidi kinawaua. Shemeji mtu: "Sina la kusema." Nitaandika hivyo hivyo.

Jumapili, 18 Agosti
Nimeitwa chakula kwa Odilia. Mama mkwe wake, Mama Ramson, kanunua kuku wa kumrudishia damu. "Nimemfunua jicho mwenyewe, mjomba. Jekundu kama pilipili." Kwa nani? Kwa Kajetani.

Nikamweleza kinachotwangwa kule. "Nyie waandishi," akasema, "mtu akipata kidogo tu mnamchimba." Akaendelea kupasua firigisi — fungu langu mimi, mgeni mwanamume. Ndani, kwenye mchanga na pumba, nusu ya kidonge. Wekundu bado uko upande mmoja.

Mama Ramson akaweka kisu chini.

Odilia akakiokota. Akakisuuza, akakilaza kiganjani.

"Mjomba, hiki bado kina nguvu?"

Mama Ramson akashika kisu tena, akaanza kupekua matumbo, anatafuta nusu ya pili.