Rili Iliyokataa Kuzunguka

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Upepo tangu asubuhi. Dagaa hawakukauka, soko zima la Kashikishi linanuka. Kazi mbili tu: cherehani moja sindano imepinda, nyingine mwenyewe hajaitia mafuta tangu ainunue. Halafu anashangaa!

Jioni amekuja Guy, yule dereva wa lori la Dar na Lubumbashi, ana dada yake hapa Nchelenge. Ameniletea rili ya kuvulia samaki. "Mama, iyi kintu inakataa kuzunguka. Ukiilazimisha inasaga tu." Nikamwambia mimi ni fundi wa cherehani. Akasema chuma ni chuma.

Sikuitazama sana. Nimeifunika na kitambaa. Tangu mume wangu Blanchard azame ziwani sipendi kuona vitu vya kuvulia. Si uchungu. Ni kama mdomo ukishapigwa sindano kwa daktari wa meno — unagusa, husikii.

Nimekula. Nalala.

Jumanne, 16 Septemba

Mama Ngalula, mama yake Blanchard, ana haraka. Tunakaa lupango moja, yaani ua mmoja, nyumba yake mlangoni, yangu nyuma, kwa hiyo haraka yake naisikia kuanzia alfajiri. Anataka kilio kimalizike Jumamosi ya wiki ijayo. Nikatwe nywele, nifungwe ushanga mweupe mkononi, basi, mimi si mjane tena. Ninaweza kuolewa. Ninaweza kurudi kwetu Pweto, ng'ambo ya ziwa.

Kaka yake Mama, Valère, hataki. Maiti haikuonekana, anasema, ulikutwa mtumbwi tu umepinduka upande wa Kisiwa cha Kilwa, hapahapa Ziwa Mweru. Na kama mtu anaishi? Ukimaliza kilio chake unamuua kwa mkono wako mwenyewe.

Mama akawaka: "Munangoya nini? Uyu mutoto wa bantu atavaa nguo nyeusi mpaka siku gani?"

Wakanigeukia mimi, nataka nini. Nikasema vyovyote. Na ni kweli — vyovyote.

Alhamisi, 18 Septemba

Hakuna wateja. Nimefungua rili.

Ni kubwa, nzito, ya aina iliyojaa hapa ziwani. Kwanza nikatoa bobini, ile inayobeba nailoni, nikazungusha mkono wa rili bila hiyo. Bado inasaga. Basi kosa si la breki, liko ndani zaidi. Parafujo zilikuwa zimeshikana na chuma. Nikamwagia maji ya moto, nikatia siki, nikangoja. Moja moja zikaachia.

Ndani — mawese! Mtu ametia mafuta ya mawese kwenye gia, yakaganda yakawa gundi. Huyo ni Mkongo, sihitaji kuambiwa. Sisi mtoto akikohoa mawese, mlango ukilia mawese.

Chini ya mawese kuna rulema, zile pete zenye gololi. Moja imekufa kabisa, imefunikwa ukoko mweupe. Nikafikiri ni chuma kimeoza. Nikaweka kidogo kwenye ulimi.

Chumvi.

Labda ilikaa kwenye gunia la samaki wa chumvi. Hapa kila kitu hukaa kwenye gunia la samaki wa chumvi.

Ijumaa, 19 Septemba

Leo nimefungua breki, ingawa haikuwa na kosa. Nimezoea kusafisha kitu chote.

Ndani ya bobini kuna visahani vinavyobanana ili nailoni isikimbie ovyo. Kimoja si cha kiwandani. Ni cha kitambaa kizito, kijani. Nilikikata mimi. Kutoka kwenye bereti yangu ya kwaya, na mkasi wa vitenge, Blanchard akinisimamia na kulalamika kwamba breki inateleza. Ukingo mmoja ulinienda upande. Bado uko upande.

Nilikaa nacho mkononi. Memory, anayeuza vitumbua meza ya pili, akauliza kama nimepoteza kitu. Nikamjibu, awe, hapana.

Rili hii Blanchard alitoka nayo siku ile ya upepo, siku aliyozama. Nilimwona mwenyewe akiipakia mtumbwini. Kama ilizama Mweru, chumvi imetoka wapi? Ziwa letu tunalinywa.

Gunia la samaki. Nimelirudia hilo gunia mpaka limechakaa. Halafu nikapata kipande cha kombe la baharini, kidogo kama kucha ya mtoto, kimejificha chini ya gia.

Mfa maji haachi kutapatapa, wanasema. Huyu alitapatapa mpaka baharini!

Sikulia. Niliosha visahani na petroli, nikavianika, nikafunga meza mapema.

Jumapili, 21 Septemba

Misa. Padri akamwombea marehemu Blanchard. Nikasema amina. Sauti ilitoka vizuri tu.

Kisha nikaenda kwa dada yake Guy. Nikauliza kifundi: rili ilikuwa ya nani, aliitunza vipi? Guy akasema ameinunua Dar, Kigamboni, ng'ambo ya feri, kwa Mkongo mmoja anayevua juu ya mawe. Mrefu, akicheka bega moja linapanda — kama la Blanchard. Bei kidogo, kwa sababu ilishaanza kusaga. Bibi yake, yaani mkewe, alikuwa anakaanga samaki pembeni.

Bibi yake.

Nikauliza kama alisema chochote. Guy akafikiri. "Nilimwambia minaenda Nchelenge. Akasema, kule kuko upepo mubaya." Basi. Hakuuliza mtu. Hakutuma salamu. Aliuza, akahesabu, akarudi kwenye mawe yake.

Nilingoja kitu kipasuke ndani yangu. Hakuna. Nikamwambia Guy rulema moja imekufa, nitatafuta nyingine. Njiani nikanunua nyanya.

Jumatano, 24 Septemba

Rulema nimeipata kwenye mota ya feni mbovu. Imeingia sawasawa.

Nilisugua gia na mswaki na mafuta ya taa mpaka mawese yote yakatoka. Nikakausha. Grisi kidogo kwenye meno ya gia, kidogo tu, ikizidi nayo inakuwa uchafu. Kwenye rulema tone la mafuta ya cherehani. Kile kisahani cha kijani nimekirudisha. Bado kizima. Nimefunga, nimezungusha. Kimya.

Sasa nifikiri, maana siku zinakwisha.

Nikisema, mimi si mjane tena, ni mwanamke aliyekimbiwa. Soko litanicheka mpaka kambini Mantapala wasikie. Na ushanga hakuna: haumwachi huru mtu ambaye mumewe yu hai. Nitakaa hapa, mke wa mtu wa mawe.

Nikinyamaza, Jumamosi niko huru. Lakini Mama atamzika mtoto wake aliye hai, kwa mdomo wake mwenyewe, bila kujua. Mama Ngalula! Wakati nilikuwa siwezi kushika kijiko ni yeye aliyeninywesha uji. Aliniogesha. Yeye alilia mpaka sauti ikakatika, mimi nikamtazama kama mtu anayetazama mvua. Ninampenda. Hilo bado nalijua, hata kama silisikii.

Ijumaa, 26 Septemba

Guy amechukua rili yake. Aliizungusha, akacheka peke yake sokoni: "Eh, Mama! Inapita kama haiko!" Jumatatu anarudi Dar. Akauliza kama nina kitu cha kupeleka kule.

Nikasema sina mtu Dar.

Nyumbani wanawake wanatwanga, wanapika kinywaji cha munkoyo. Hata Valère amelegea, ameleta mbuzi. Ushanga umelowekwa kwenye kikombe mezani kwa Mama. Nimepita mara kadhaa, kila mara nimefungua mdomo, kila mara kuna mtu anayeomba sufuria.

Jumamosi, 27 Septemba

Wamenikata nywele. Kichwa kinasikia baridi.

Mama ameingia chumbani kwangu peke yake na ushanga, anifunge kabla hatujatoka mbele ya watu. Nikasema yote kwa mara moja, haraka, nisije nikashindwa. Rili ya Guy ilikuwa ya Blanchard. Ina kitambaa changu ndani. Ina chumvi ya bahari. Mama, yuko Dar, anaishi, ana bibi.

Nilikuwa nimevuta kiti karibu ili asianguke chini.

Hakuanguka. Hakupiga yowe. Hakushukuru Mungu. Hakuuliza Dar wapi, ni mzima au mgonjwa, anakula nini — mama gani haulizi hivyo? Alikwenda kufunga mlango, akajaribu kitasa kama kimeshika, akarudi.

"Leta mukono, mutoto yangu. Bantu banangoya."

Nikamwuliza anajua tangu lini. Akasema: "Leta mukono."

Nimeomba dakika. Amekaa kitandani, ushanga kwenye mapaja, anatazama sakafu. Amezeeka tangu asubuhi. Mimi nimechukua daftari ili mikono iwe na kazi. Nje Valère anauliza kuna nini huko ndani. Mama anamjibu kwa sauti ileile ya siku zote: tunakuja, anavaa.

Leo nasikia kitu, hatimaye. Ni hasira. Sijui nianze kumpa nani — yule wa mawe, au huyu aliyeninywesha uji huku anajua, na ambaye sasa ananyoosha uzi wa ushanga tena, aniachie huru, na machozi yanamtoka.