Ile Skrini Uliyotutumia

Madungu, Chake Chake
Jumatatu, baada ya Alasiri

Kwa kaka yangu mpenzi Marhoun,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza nakuulizia hali yako, hali ya wifi yangu Afra, na ya Muadh, ambaye nasikia anakimbilia kunipita kimo. Natumai joto la Maskati limepungua na ule mgongo wako umekuachia. Huku kwetu mvua za vuli zimeanza, paa la jikoni linavuja pale pale linapovuja siku zote, na Bi Mwanapili jirani yetu anakusalimu sana. Anasema hajasahau mtungi wake uliouvunja utotoni.

Utashangaa kupata karatasi. Hata mie nashangaa, mkono umeshasahau kalamu na hati yangu imekuwa ya mtoto wa chuo cha Kurani. Lakini simu ya nyumba hii haina siri. Kila ujumbe wako wa sauti Baba anataka ufunguliwe kwa kelele, na nikikupigia huja akakaa ubavuni pangu mpaka tumalize. Halafu nawe, Kaka, nisamehe, kwenye simu una mizaha mingi. Mtu akianza neno zito ushaligeuza kicheko. Kwa hiyo nimeandika. Nassor wa Bi Mwanapili anakuja huko wiki hii, nitamkabidhi barua mkononi na kumwambia asimpe mtu mwingine ila wewe.

Nianze na lile ulilosema, kwamba mwaka huu tena huji. Nimelisikia. Na Baba amelisikia, maana lilifunguliwa kwa kelele kama kawaida. Alinyanyuka akaenda kutia udhu kabla ya wakati. Najua kazi zenu, najua likizo zinavyobanwa, sikugombezi. Ila nikwambie mapema usije ukasema nimekuzungusha: nataka uje. Barua nzima ni hilo tu. Yaliyobaki ni sababu yake, nayo imenifikia kwa njia ya ile skrini uliyotutumia badala ya kuja.

Skrini ilifika salama, bila hata mkwaruzo. Nilikushukuru kwa simu na sasa nakushukuru tena. Lakini sikukwambia ilivyonitesa, kwa sababu zawadi haitiwi ila. Kwenye meza yangu sasa kuna skrini tatu: laptopu ya ofisi, hiyo yako, na ile kuukuu niliyoichukua kule mtaa wa Jadida wakati duka la intaneti linafungwa. Kila moja ina tabia yake. Yako ina nukta nyingi zilizobanana, kwa hiyo herufi hutoka ndogo kama sisimizi, na huna budi kuzikuza mara mbili ndipo usome. Ile ya Jadida nukta zake chache, ukiikuza kiasi hicho hicho maneno machache tu yameijaza. Laptopu nayo inataka kipimo chake cha katikati. Basi nikilivuta dirisha ninaloandikia programu kulitoa skrini hii kulipeleka ile, njiani linavimba au linanywea, na mistari niliyoipanga inavunjika ovyo.

Hapo bado umeme haujakatika. Ukikatika, nawe unaujua umeme wa kwetu, skrini mbili huzimika na madirisha yote hujirundika kwenye laptopu. Ukirudi, hakuna linalokumbuka kwao. Jingine hubaki limefunguka kwenye skrini ambayo haipo, jina lake unaliona pale chini lakini lenyewe hulioni, na unabaki kulivizia kwa kishale cha kipanya. Kila asubuhi kabla sijaandika hata mstari mmoja wa kazi inanibidi kwanza nipange: hili hapa, lile kule, hili lipunguzwe, lile likuzwe. Ni kama kuwakalisha harusini watu wasiosemezana. Nikimaliza kupanga, Kaka, nguvu ya kufanya kazi yenyewe sina.

Wenzangu wa kazi walioko Dar walinifundisha namna ya kuifanya kompyuta ishike mpangilio. Ukawa unashika. Lakini nikaanza kuona kitu ambacho hakuna aliyeweza kunieleza. Naacha kila kitu sawa, naenda jikoni au nachukua kapu nakwenda sokoni, nikirudi nakuta madirisha yamesukumwa pembeni na maandishi ya skrini yako yamekuwa makubwa kupita kiasi, neno moja toka ukingo huu hadi ule. Narudisha. Kesho yake vile vile. Nikafuta programu nikaiweka upya, nikabadilisha waya, nikauliza kila niliyedhani anajua. Bi Shamima, mkuu wetu wa kazi, akaanza kuniuliza kwa upole mbona kazi zangu zinachelewa, na nilichokuwa nacho cha kumjibu ni kwamba skrini yangu ina maradhi. Na wewe nilikulaumu moyoni. Nilisema, ndugu yangu kanunua kitu kibovu kwa sababu kina umbo la kupendeza, na kapata pa kukitupia.

Hapa nimlete Baba, maana hujui anavyoishi siku hizi. Lile banda lake la kutengeneza redio pale Gombani amelifunga. Wewe ulielezwa kwamba ni kwa sababu watu hawatengenezi redio tena, na mie nilielezwa hivyo hivyo. Tangu alifunge amekuwa akikaa kitini nyuma yangu, ananitazama kazini na kuuliza. Hiki kitufe cha nini. Dirisha unalivutaje. Unayakuzaje hayo maandishi. Nilimfundisha yote kwa furaha, nikamwachia na kishale achezee, maana nilidhani mzee amepata cha kumpitishia mchana. Fundi ni fundi tu, alishika upesi kuliko vijana wanaokuja kwangu kujifunza. Sikuwahi kujiuliza kwa nini anauliza zaidi juu ya kukuza.

Basi ikaja siku ya kuwaonesha wateja kazi yetu. Wote tupo mtandaoni, Bi Shamima Dar, wateja sijui wapi, nami ndiye ninayeonesha. Asubuhi nilipanga skrini zangu kwa uangalifu. Kabla ya kuanza nikaenda kumpashia Baba uji, nikarudi mbio, nikawafungulia skrini yako waione. Sikuitazama kwanza. Mara mmoja akacheka, na mwingine. Nikanyanyua macho. Skrini nzima ilikuwa nyusi, nyusi moja nyeusi kubwa kama tawi, na lile kovu lako ulilolipata ulipoanguka kwenye mkarafuu. Kwenye skrini ya Jadida lilikuwa sikio lako, na kwenye laptopu kipande cha mdomo wako unacheka. Ilikuwa picha yako ya siku uliyoondoka, ile tuliyopiga uwanja wa ndege, imekuzwa mpaka mwisho na kutandazwa skrini zote tatu.

Nilifanya haraka kuifunga, nikaomba radhi, nikaendelea. Kazi ilipita, alhamdulillah, na Bi Shamima hakunikaripia, alitaka kujua tu yule ni nani. Lakini mie nilitoka chumbani nimejaa hasira. Nilimkuta Baba barazani na bakuli la uji mkononi na nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzee wake. Nilimwambia amenitia aibu mbele ya watu, kwamba anachezea riziki yetu, na kwamba akitaka kumwona Marhoun simu ipo na picha zimejaa tele humo.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, taratibu, kwamba kwenye simu hakuoni.

Sikumfahamu. Akanieleza kama anavyoeleza redio iliyoharibika, kifaa kwa kifaa. Jicho la kushoto halina kitu tena, limefungwa. La kulia limebaki na tundu katikati, dogo, lenye ukungu, na pembeni pote giza. Kwenye simu wewe ni doa. Lakini akikukuza kwenye skrini kubwa anakupata kipande kipande: leo nyusi, akasogeza, akapata pua, akasogeza, akapata mdomo, kisha anavifunga vile vipande kichwani anakuunga mwenyewe. Akasema inachukua muda na inamchosha, ndiyo maana hungoja nitoke. Banda la Gombani alilifunga siku aliyounguza kidole kwa chuma cha kulehemu na asione wapi ameungua.

Kesho yake nilimpeleka hospitali, akakubali kwa sharti niache kulia njiani. Daktari alikuwa mtu mpole. Alisema ni presha ya macho, ya muda mrefu, na kilichokwisha kupotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Amempa matone ya kukishikilia hicho kilichobaki. Nilimuuliza kitashikika mpaka lini, akasema hawezi kunidanganya, huenda kikadumu, huenda kisifike mfungo ujao. Baba akamshukuru, akamuuliza redio yake pale mezani ina nini inakwaruza.

Sasa nikwambie nililoapishwa nisikwambie. Tuliporudi alinikalisha akanitaka ahadi kwamba wewe hutajua. Kwanza nilidhani ni ile desturi yetu, kwamba aliye ugenini hapewi habari nzito asije akashindwa kulala katika nchi ya watu. Ndiyo tuliyokufanyia mama alipougua, Mungu amrehemu, mpaka ukaambiwa kuja kuzika. Lakini Baba alikuwa na lake. Alisema ukija kwa sababu ya macho yake, utakuwa umekuja kwa ajili ya maradhi, na yeye anataka uje kwa sababu umemkumbuka. Alisema mtoto haitwi kama gari la wagonjwa. Nikampa ahadi, na nimeibeba tangu siku ile, na kila ukiuliza kwenye simu Baba hajambo, yeye anajibu kabla yangu kwamba haoni tatizo lolote, anacheka, nami nacheka naye.

Nimechoka, Kaka. Nimechoka na skrini na nimechoka na kucheka. Watu wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wala sikulaumu kwamba hukuuona uzito, kwani hukupewa uushike. Leo nakupa. Nimevunja ahadi ya baba yangu, na dhambi yake niandikiwe mie, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kukungojea tena kaburini.

Siku hizi namkuzia picha mwenyewe. Mchana baada ya kula nayasukuma madirisha yangu yote kwenye skrini ya Jadida, yanywee yavimbe yapendavyo, na yako naiacha iwe yake. Juzi aliniuliza kama sasa una mvi. Picha ile ni ya zamani, wewe ulikuwa hujafikisha hata ndevu za maana. Nikamwambia mvi bado. Akasema basi hajakosa mengi. Nilitoka nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Kwa hiyo njoo. Ukishindwa na wote, njoo peke yako. Ukishindwa kukaa, kaa siku ambazo watakupa. Usitume sanduku jingine, hakuna dukani kwenu kitu anachokihitaji. Na ukija usimwambie umejua. Mwambie umetukumbuka tu, ukae karibu naye, uso mbele ya uso, na umwache akutazame muda wake autakao hata ukiona haya. Hilo Baba hatakuomba kamwe.

Nisalimie sana wifi Afra na umbusu Muadh kwa niaba ya shangazi yake. Bi Mwanapili amempa Nassor halua ya Wete na mkungu wa ndizi, sijui watu wa ndege watamkubalia. Majirani wote wa Madungu wanakusalimu, na wanaokudai salamu ni wengi.

Baba amenisikia nikikwaruza karatasi, akauliza naandika nini. Nimemwambia ni barua ya salamu kwako. Akafurahi, akasema kumbe bado wapo wanaoandika, akataka na yeye atie sahihi yake kama zamani, kwamba Mbarouk yupo, mzima, na anakusalimu. Nimemshika mkono nikamwonesha pa kuanzia. Utaona hapo chini, ukingoni mwa karatasi, ni "Mba" peke yake. Jina alilimaliza, Kaka. Hayo mengine aliyaandika juu ya meza, akaniuliza imetoka vizuri, nikamwambia imetoka vizuri.

Wasalaam,
ni mimi ndugu yako,
Radhiya binti Mbarouk

Mba