Zakaria wa Makote

Jumapili, Mkunya

Kumbe marehemu mume wangu alitembea na jina zuri maisha yake yote, na hakuna aliyemwambia!

Wiki nzima nimekosa raha. Binti yangu, Mama Ana, alikataa mwanawe mchanga kurithi jina la babu yake. "Mama, Zakaria wa kwenye Injili alipatwa na ububu. Mwanangu asije akashindwa kusema." Na mjukuu wa kiume ni huyo mmoja tu. Jina la mzee lingepotelea kaburini.

Leo baada ya ibada nikamkamata padri wetu kijana pale mlangoni. Shikamoo yake hata sikuiitikia.

"Bibi," akasema, "Injili iliandikwa Kigiriki, lakini majina hayo ni ya Kiebrania, ya zamani zaidi. Zakaria maana yake Mungu amekumbuka. Mkewe Elisabeti, Mungu ni kiapo changu. Mtoto wao Yohana, Mungu ana neema."

"Na ububu?"

"Uliisha siku mtoto alipopewa jina. Haukuletwa na jina."

Nikapanda bodaboda mpaka Makote, mimi ninayeziogopa kama nyoka. Nikamweleza Mama Ana yote bila hata kukaa. Akamtazama mtoto, akakunjua kanga aliyomfunika pindo kwa pindo, mpaka nikataka kumfinya.

"Mungu amekumbuka," akasema taratibu. Kisha akaninyooshea mtoto. "Haya, Mama, mchukue Zakaria wako. Mumeo amekojoa."

Nimempakata mpaka mkono umekufa ganzi. Ndiyo maana herufi zangu za ngumbaru leo zimelala hivi.