Nafasi tatu za viatu

Shoga, usipige simu, soma tu.

Kile chumba cha kufulia kimekwisha. Mashine imekaa, sinki limekaa, na pale mlangoni seremala ameweka kabati la viatu, kila mtu na nafasi yake.

Nafasi tatu. Mimi, baba watoto na mapacha, si tuko wanne?

Nikacheka. "Fundi, umesahau nafasi moja."

"Sijasahau, mama. Mumeo mwenyewe alisema tatu, yeye atakuwa ameshahama."

Ameshahama! Fundi wa watu alidhani najua.

Nikamjibu, "Ahaa, kweli." Shoga, nilisema kweli! Na ahsante nikampa.

Wala chozi halitoki. Mashine mpya inazungusha mashati yake, nimesimama tu. Yakitoka, sijui niyaanike au niyapakie.